Marehemu Hanyweshwi Chai

Jumatatu, 4 Novemba
Binti yangu Tekle kanipa masharti. Mimi, baba yake mzazi! Kasema simpeleki tena Luka shule mpaka nijiunge na kikundi cha wanaoacha pombe, na nidumu humo. Yote kwa sababu ya yale ya mwezi jana kwenye stesheni ya metro. Nilimsahau mtoto mara moja tu! Wala hakupotea, polisi walimkuta anacheza na paka. Luka ana miaka sita, na ndiye mtu pekee Tbilisi nzima anayesikiliza hadithi zangu mpaka mwisho. Bila mjukuu wangu sina sababu ya kuamka. Basi nitajiunga. Ila siingii popote popote. Miaka thelathini nimekuwa tamada, kiongozi wa meza, anayeinua glasi na kusema kabla wengine hawajanywa. Harusi za mtaa wetu karibu zote nimezisemea mimi.

Jumanne, 5 Novemba
Kikundi cha kwanza, chini ya kanisa. Hakifai! Mama mmoja kashika saa, kila mtu dakika tatu. Dakika tatu! Kuwasemea wazazi peke yao huwa natumia robo saa. Ndiyo kwanza nafika kwa bibi mzaa mama, akanikatisha: "Asante, Guram. Anayefuata." Nikachukua kofia yangu. Njiani nikapitia glasi moja ya kutuliza hasira.

Alhamisi, 7 Novemba
Kikundi cha pili, hospitali. Daktari kijana na picha za maini. Hakuniuliza hata kijiji nilichotoka. Nimeondoka kabla ya picha ya tatu. Tekle kauliza imekuwaje, nikamwambia bado natafuta kinachonifaa. Akasema, "Baba, unatafuta kikundi au ukumbi wa harusi?" Ulimi huo kaurithi kwa mama yake.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimepata! Juu ya duka la fundi viatu. Chai ya moto, njugu za kutafuna, na hakuna saa. Tatizo ni moja tu: Otari. Dereva wa basi mstaafu, miaka tisa hajagusa pombe, ndiye mwenye kikundi. Anaongea kidogo, kichwa chini, na watu hata kukohoa hawathubutu. Leo kasema, "Jana mwanangu Irakli angetimiza thelathini. Nimekunywa chai, nikalala." Basi, kamaliza! Watu machozi. Hata mkono hakuinua! Kama huko ndiko kusema, mimi nimekuwa nikifanya nini maisha yangu yote? Ngoja Jumanne.

Jumanne, 12 Novemba
Asubuhi nimempeleka Luka shule. Tekle kakubali! Njia nzima mkono wake mdogo ulikuwa ndani ya mfuko wa koti langu. Nusura nilie.

Jioni nikawaonyesha. Nilisimama na kikombe changu cha chai. Nikaanza na amani, nikaja kwa mama zetu, nikapita katika mizabibu ya babu yangu kule Kakheti, mtungi kwa mtungi wa divai. Mmoja mmoja wakasimama. Malkhazi, pande la mtu, mbeba mizigo sokoni, alikuwa analamba midomo. Mwisho nikafika kwa marehemu, ambao kwetu hukumbukwa kwa glasi ya divai, nikamtaja kijana wa Otari. Nikakitazama kikombe nikasema, kwa utani tu, utusamehe Irakli, marehemu hanyweshwi chai. "Mungu amrehemu!" wakaitikia wote. Wote isipokuwa Otari.

Kwenye ngazi akanishika mkono. "Ndugu yangu, hapa tunaleta yanayotuuma. Wewe umetuletea kiu." Sauti ilikuwa inamtetemeka. Wivu!

Ijumaa, 15 Novemba
Mlango umefungwa. Fundi viatu kasema Otari amekutwa alfajiri nyuma ya gereji za bati, ameshakufa kwa baridi. Pembeni yake chupa na glasi mbili. Moja tupu, moja imejaa. Ile iliyojaa ni ya mwanawe, bila shaka. Nimekaa kwenye ngazi muda mrefu. Miaka tisa! Mtu hodari kiasi kile. Sijui kilimwingia nini.

Jumatatu, 18 Novemba
Matanga ya Otari. Mjane wake, Lamara, kaweka mezani maji ya limau. Limau! Eti ndivyo ambavyo marehemu angetaka. Watu wa kikundi wamekaa vichwa chini, hakuna wa kutoa neno. Ningemwachaje mwenzangu aende hivyo? Ndani ya koti nilikuwa na chupa ndogo ya dharura. Nikasimama. Mungu ni shahidi, sijawahi kusema vizuri vile. Chupa ikazunguka, Malkhazi akaenda kuleta nyingine. Lamara alikuwa analia, ananisukuma kifuani, "Toka! Toka nyumbani kwangu!" Uchungu humfanya mtu aseme lolote.

Nilipogeuka, Tekle alikuwa mlangoni na Luka. Alikuwa ametoka kumchukua shuleni. Zamu ilikuwa yangu, ikanipita kwa haya mambo ya msiba. Tekle hakugomba. Kavua skafu yake, kamfunga mtoto shingoni taratibu, kisha akamwambia, "Muage babu." Luka akanipungia mkono. Nami nikamwinulia glasi.

Atapoa. Ng'ambo ya mto kuna kikundi kingine, kinakutana Jumatano. Nasikia wamepoa sana, hawana mtu wa kuwachangamsha.