Miti Tisa na Pazia la Sebuleni

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimejipiga kifua mbele ya ukoo mzima wa mke wangu. Nadhani nilionekana vizuri.

Habari yenyewe ni hii. Mama mkwe ametupa kiwanja tujenge. Kiwanja ni pori tupu; ukisimama barabarani huoni mita mbili ndani. Sharti lake ni moja: vichaka vyote viondoke, ila ile miti mikubwa tisa ibaki. Marehemu baba mkwe ndiye aliyeiacha, aliposafisha pale mara ya kwanza. Shemeji, kaka yake mke wangu, akasema ataleta mafundi wake na msumeno wa mashine, kazi ya siku moja. Shemeji ana mafundi wa kila kitu. Nikasimama. Nikasema nitafyeka mwenyewe, kwa panga langu, na Jumapili wote waje waone. Mke wangu akatazama dari.

Mama mkwe akasema sawa. Lakini nisipomaliza, au ukipungua mti hata mmoja, upande wa mbele, ule wa barabarani, anapewa shemeji. Sisi tubaki nyuma. Nyuma ni bonde! Na duka langu litakuwa mbele. (Mke wangu bado hajaambiwa habari za duka.)

Jumanne, 5 Agosti

Nimeingia saa moja asubuhi. Kuingia ni neno kubwa. Nilisimama ukingoni nikakata. Joto lilizidi, nikavua shati. Saa mbili nikakutana na upupu.

Nimeoga mara nne. Mke wangu akanisugua majivu mgongo mzima, akaniuliza kama tumpigie kaka yake simu. Nikamwambia kinachowasha ni ngozi tu, nia haiwashi.

Mchana jirani yetu wa kiwanjani, seremala, alichungulia juu ya uzio. Akanishauri nikate chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, na nikate bapa, kwa kuwa visiki vya mshazari vinachoma. Nikamshukuru. Nikamweleza kwamba nina utaratibu wangu. Baadaye nilichoka, nikaketi. Suruali imekwisha. Mengine ni kati yangu na mganga wa zahanati.

Eneo lililofyekwa hadi sasa: mkeka mmoja, wa watu wawili wasiogombana.

Jumatano, 6 Agosti

Siku kubwa! Akili imefanya kazi ambayo panga limeshindwa.

Kwanza nilitafuta kitambaa, nikakipasua vipande tisa, nikafunga kila mti mkubwa kipande chake. Rangi ya samawati, kinaonekana toka mbali. Kisha nikatangaza mtaa mzima kwamba kuna kuni za bure: mtu akate anachotaka, ilimradi hakina kitambaa. Walikuja kina mama kumi na wawili, na wazee watatu waliosema wamekuja kutazama tu lakini wakaondoka na mizigo. Hadi saa kumi nusu ya kiwanja ilikuwa peupe. Mimi nilikaa kivulini nikielekeza. Waliacha miiba yote. Haidhuru.

Shemeji alipita na viatu vyake vinavyong'aa. Akauliza kama hiyo ndiyo maana ya kufanya mwenyewe. Nikajibu kwamba kitambaa nimefunga mwenyewe.

Mke wangu ametambua pazia la sebuleni. Amesema lilikuwa jipya. Nikasema ndiyo maana linapendeza. 

Alhamisi, 7 Agosti

Miiba imekwisha, na mikono yangu pia. Pori limetoka. Kusema kweli pamependeza: miti tisa imesimama, upepo unapita chini yake, mtu unaweza kutembea bila kuinama. Nilisimama pale nikajisikia mwenye nyumba. Hapo ningeweka panga chini, shajara hii ingeishia hapa.

Lakini nilikuwa na kamba ya kupimia.

Nimepima nyumba. Mti wa saba umesimama katikati ya sebule, mahali hasa pa kiti changu. Nikamweleza mke wangu. Akasema tuisogeze nyumba. Nikasema nyumba haisogezwi. Akasema haijajengwa. Nikakohoa.

Tukiisogeza nyumba, duka linakosa nafasi. Siwezi kumwambia.

Jioni wazo likaja lenyewe. Mama mkwe anataka tisa. Watu hawahesabu miti, wanahesabu vitambaa. Nimefungua kitambaa cha mti wa saba nikakifunga kwenye mpera mmoja ulionusurika kule pembeni, unene wa muundi wa mguu wangu. Nimehesabu tena. Tisa! Hakuna aliyepunjwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Niliazima msumeno kwa seremala. Nikamwambia ni wa kupunguza vitawi. Akauliza vitawi vya unene gani. Nikasema vya kawaida.

Nilikata toka saa mbili. Nilikata upande wa kusini, ili mti uangukie kusini, penye nafasi. Seremala alikuwa amenionya kitambo kwamba mti hauangukii ulikokatwa tu, unafuata na matawi yalikolemea. Sikuona haja ya kutazama juu. Saa saba mti ukalia. Nikakimbia. Nilipogeuka, ulikuwa unaelekea kaskazini, polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Ukafika kwenye mti wa nane. Ukaegemea. Ukabaki hapo.

Kitako chake kimeruka kisiki na kukita ardhini hatua mbili pembeni. Haujaanguka. Haujasimama. Nimeusukuma kwa bega, ukatoa sauti, nikaomba radhi.

Msumeno umepinda. Seremala ameupokea, akautazama, akautazama mti. Akasema katika miaka thelathini ya useremala hajaona tawi la namna hiyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Wanakuja kesho saa nne.

Asubuhi nilivuta kwa kamba. Kamba ilikatika, nikakaa chini ghafla, palepale pa Jumanne. Nikabadili mpango. Kama mti hautaki kuanguka, basi uwe umeota hivyo. Nimechimba shimo, nikafukia kitako, nikashindilia udongo na kupanda majani juu. Ukiutazama kwa jicho moja, ni mti uliolala kidogo. Ipo miti ya hivyo.

Kilichobaki ni kisiki. Kimefika magotini kwangu, kipana, cheupe pee, kinanuka mbao mbichi. Sina muda wa kukichimba. Nimekifunika kwa pazia lililobaki na kukiweka mto. Kitakuwa kiti cha heshima cha mama mkwe. Mtu hachunguzi anachokalia.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika kwa ajili ya ukweli tu.

Walikuja wote. Mama mkwe alisimama barabarani, akaona kiwanja kimefunguka, akashika mdomo. Akasema hakutegemea kupaona tena hivyo kabla hajafa. Akaniita mwanangu. Katika miaka kumi na minne hajawahi kuniita mwanangu! Shemeji akatazama viatu vyake.

Nikamkalisha kwenye kiti cha heshima. Akaanza kuhesabu kwa kidole. Alipofika kwenye mpera akauliza nani kauvisha ule. Nikasema ni kwa usalama. Akauliza uko wapi mti wenye tundu, ambamo marehemu alikuwa akificha sigara zake, na yeye akijua, na marehemu akijua kwamba anajua. Nikaonyesha ule uliolala. Nikasema umechoka, umri.

Akautazama toka chini hadi juu. Akasema majani yake yananyauka. Kisha akataka kuinuka, aende aushike.

Hakuinuka. Kumbe utomvu ulikuwa umepita kwenye pazia, ukapita kwenye mto. Mke wangu akavuta mkono mmoja, shemeji akavuta mwingine, mimi nikashauri. Alipobanduka, aliondoka na mto na pazia vyote nyuma ya gauni lake, na kisiki kikabaki wazi mbele ya ukoo mzima, cheupe, na alama za msumeno wangu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama mkwe alisema hivi tu: "Mwenzangu alikaa humu mwaka mzima na panga, akaacha tisa. Wewe siku sita, mwanangu." Hakupaza sauti. Bado aliniita mwanangu, na nilijisikia vibaya kuliko siku ya upupu.

Hukumu: upande wa mbele ni wa shemeji. Na mimi nisionekane tena pale na kitu chenye makali. Nyumbani mke wangu hakunigombeza. Alikaa kitandani akiutoa utomvu kwenye gauni la mama yake, akasema akiwa mdogo alikuwa anatumwa kuchungulia kama sigara zimepungua. Nikajaribu kumliwaza. Nikamwambia na duka pia limekwenda. Akauliza duka gani.

Jumanne, 12 Agosti

Nimelala vizuri sebuleni. Dirisha halina pazia, kwa hiyo niliamka mapema na kufikiri.

Mti bado umeegemea. Shemeji amesema hakuna kuugusa hadi Jumamosi, mafundi wake watakapoushusha kitaalamu. Kitaalamu! Sasa, nikiushusha mimi kabla yao, mzima, bila kuukwaruza mti wa nane, mama mkwe ataona kwamba nimejirekebisha. Anaweza hata kunirudishia mbele.

Marufuku inahusu makali. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Kamba haina makali.

Nimenunua kamba nene. Ncha moja nimefunga kwenye mti ulioegemea, nyingine nimezungusha kwenye mti wa sita, ambao ni imara, tena uko mahali pazuri. Seremala ametoa kichwa juu ya uzio, akatazama, akaanza kuhamisha mbao zake. Woga wake mwenyewe. Hata shemeji, ambaye hajaiona kamba, hana wasiwasi: amekuja kupima upande wake wa mbele, na gari lake ameliegesha ng'ambo ya pili, ambako mti huu hauwezi kabisa kuangukia.