Jino la Mbele la Hariri

Hariri alikuwa mtu wa kuuza viwanja. Viwanja vyenyewe vilikuwepo, na hilo alipenda kulisisitiza. Ila vilikuwa vya watu wengine. Aliviuza kwa shati lililopigwa pasi, maneno laini yaliyompa hilo jina la utani, na tabasamu. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika mjini, naye hakuwa na haraka ya kulikumbusha.

Katika hayo yote, tabasamu ndilo lilikuwa mtaji. Kwa hiyo siku aliposhuka ngazi za nyumba ya mteja kwa kasi isiyo ya kawaida, kwa sababu mteja naye alikuwa anashuka nyuma yake, akajikwaa na kuliacha jino la mbele kwenye ngazi ya mwisho, biashara ilisimama.

Alijaribu kuendelea hivyo hivyo. Lakini mdomo wenye pengo hautoi herufi S inavyotakiwa. Akisema "eneo ni salama," inatoka filimbi. Mama mmoja aliyekwisha kufungua pochi alimsikiliza akieleza usalama wa eneo, akacheka mpaka akafuta machozi, akafunga pochi. Hariri akanunua jino la kubandika na kubandua. Lilimfaa siku chache, hadi lilipotumbukia kwenye chai wakati wa kutia saini. Chai yenyewe ilikuwa ya mteja.

Ndipo asubuhi moja, akiwa dukani anatoa nakala za hati ambazo hakuna ofisi iliyowahi kuzitoa, akamsikia mtu akizungumza kwa simu kwenye mlango wa jirani. Mlango huo ulikuwa wa kliniki ya meno, mpya, rangi bado inanuka.

"Mashine ya kupandikiza meno tumeshanunua, mzee," yule mtu alikuwa anasema. "Ipo. Tumeifunika shuka kama marehemu. Watu wanaogopa. Wanaingia, wanasikia habari ya kutoboa mfupa, wanakumbuka wameacha jiko linawaka."

Hariri alikusanya nakala zake, akanyoosha kola, akaingia.

Mwenye simu alikuwa meneja, mdogo wake daktari, kijana mwenye tai ndefu kuliko kifua. Hariri alimpa mkono bila kutabasamu, kwa heshima na kwa lazima.

"Mimi ni Afisa Ustawi wa kampuni ya saruji," alisema. "Tuna wafanyakazi mia nane. Meno yao, kwa ufupi, yanatia huruma. Ni vumbi."

"Vumbi linaharibu meno?"

"Ndugu yangu, linaingia mpaka kwenye mfupa."

Meneja akavuta kiti, akamkalisha, akaketi na yeye, kisha akasimama tena kwa sababu alishindwa kutulia. Mia nane, midomo mia nane, kila mmoja na mapengo yake.

"Kampuni inatafuta kliniki moja ya kuaminika," Hariri aliendelea. "Ila tuna utaratibu. Siwezi kuwaletea watu wangu kitu ambacho mimi mwenyewe sijakionja. Na kwa bahati, kama unavyoona," akagusa mdomo wake, "nina nafasi."

"Yaani tukuwekee wewe kwanza. Bila malipo?" aliuliza Meneja, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali.

"Afisa haruhusiwi kulipia majaribio. Ingeonekana kama rushwa."

Meneja alitafakari ni nani hapo angekuwa anamhonga nani, hakupata jibu, akampa mkono kwa mara ya pili.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni. Alisikiliza habari za kampuni ya saruji kutoka kwa mdogo wake, akasema "Haya," akamlaza Hariri kwenye kiti. Alimpiga picha ya taya, akaitundika kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Mfupa upo wa kutosha," alisema. "Nitakupasua ufizi kidogo, nitatoboa mfupa, nitafunga skrubu ndogo ya madini ya titani. Hiyo ndiyo itakuwa mzizi. Halafu tunasubiri mfupa uishike. Ukishaishika, juu yake tunafunga jino la kauri, la rangi ya wenzake."

"Vizuri sana. Tunasubiri mpaka jioni?"

"Miezi minne."

Hariri akainuka nusu. Katika maisha yake hakuwahi kukaa ndani ya uongo mmoja zaidi ya wiki mbili. Kazi yake ilikuwa kuingia, kuongea, na kuhama mtaa.

"Hakuna namna ya kuuharakisha? Tunaweza kuelewana."

"Ni mfupa," alisema Daktari. "Hauelewani na mtu."

Siku ya kutoboa alikuja amejiandaa kwa hadithi nzuri kuhusu bodi ya kampuni. Hakupata kuitoa. Ganzi iliingia, mdomo wake ukawa kama wa mtu mwingine, na tangu hapo mtu aliyeishi kwa kusema alilala mdomo wazi bila neno. Maumivu hayakuwepo. Kulikuwa na mtikisiko tu, uliompanda hadi masikioni, kama jirani anayetoboa ukuta huku wewe ukiwa ndiye ukuta. Daktari alifanya kazi taratibu mno. Alisimama mara kwa mara, akatazama picha ya taya, akashusha pumzi, akaendelea. Hariri aliona kwamba huo ni umakini, akaridhika.

"Uvimbe utakuja, usiogope," alimwambia alipomaliza kushona. "Barafu kwa nje. Vyakula laini. Sigara hapana, kabisa. Ukivuta, skrubu haitashika."

"Hahante," alisema Hariri, na mate yakamdondokea kwenye shati lililopigwa pasi.

Alikuwa anaishi nyumbani kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani, katika chumba cha nyuma, kwa muda. Muda huo ulikuwa umeingia mwaka wa tatu. Dada alimtazama alivyoingia na shavu kama andazi, akaweka uji jikoni, kisha akachukua pakiti ya sigara kutoka mfuko wa shati lake na kuitupa pipani. Kwa sababu mdomo haukufunguka vizuri, Hariri alijikuta akimweleza ukweli wote kwa ufupi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Saruji," dada alirudia.

"Mm."

"Na wewe saruji unaijua?"

Hariri alitikisa kichwa.

Uvimbe ulipungua, nyuzi zikatolewa, na Meneja akaanza kupiga simu. Mkataba lini? Hariri akasema Mkurugenzi yuko safarini. Akasema Mkurugenzi amerudi lakini anaumwa. Meneja akaomba kuongea na Mkurugenzi hata dakika moja, amjulie hali. Siku hiyo Hariri aliingia kwenye chumba cha kushonea akiwa ameshika simu kama kaa la moto, mkono umeziba kipaza sauti.

"Dada, nakuomba. Wewe ni Mkurugenzi."

Dada alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, akapokea simu.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ndiye." Akasikiliza. "Sisaini kitu sijakiona. Huyo afisa wangu akipona vizuri, tutaongea. Asipopona, hatutaongea." Akasikiliza tena. "Hapana, maua usilete."

Akarudisha simu, akarudisha pini mdomoni.

Hariri alimwangalia kwa mshangao wa fundi aliyegundua kwamba nyumbani kuna fundi mwingine. Kuanzia hapo Meneja alipiga kila wiki, na Mkurugenzi alipokea bila kusimamisha cherehani. Akiulizwa ule mlio ni nini, alisema ni kiwanda.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Hariri hakuweza kuhama mtaa kwa sababu skrubu ilikuwa yake lakini jino lilikuwa kliniki. Hakuweza kuuza kwa sababu ya pengo. Alikwenda kukaguliwa kila alipoitwa, akaacha sigara, akapiga mswaki kwa namna aliyoonyeshwa, akala viazi vilivyopondwa. Alizoea hata ukimya. Dada yake alimwambia siku moja kwamba amekuwa mtu wa kuishi naye, naye hakujua kama anasifiwa.

Hatimaye siku ya jino ilifika. Daktari aligonga skrubu kwa kijiti cha chuma, ikatoa mlio mkavu, wa kitu kilichoshika. Akafunga jino la kauri, akamng'atisha karatasi ya rangi, akasugua kidogo hapa na pale, akampa kioo.

Hariri alijitazama. Akasema "salama." Akasema "safi sana, sahihi, serikali, saini." Hakuna filimbi hata moja. Akatabasamu, na Meneja, aliyekuwa anangoja pembeni na kamera, akampiga picha tatu ili Mkurugenzi azione, akaenda ofisini kuzitengeneza.

Hariri alikuwa ameshaangalia mlango wa kutokea ulipo. Mpango ulikuwa rahisi: asante, kwaheri, na laini mpya ya simu.

"Kabla hujaenda," alisema Daktari, akivua glavu. "Kampuni ya saruji niliipigia ile siku ya kwanza. Hawakujui."

Hariri alifungua mdomo. Kwa miezi minne alikuwa hajadanganya kwa ghafla, na uongo haukuja.

"Ulijua," alisema. "Mbona ukaniwekea?"

Daktari alikaa kwenye kile kigoda chake cha magurudumu. "Kupandikiza nilisomea, na mtihani nilifaulu. Nimefanya kwenye mataya ya plastiki mengi tu. Kwa mtu hai, peke yangu, bado. Nani angekubali kuwa wa kwanza? Ungemwambia mtu ukweli, angekimbia. Halafu ukaja wewe, unabembeleza utobolewe."

Hariri alikumbuka zile pumzi zilizoshushwa juu ya uso wake.

"Na kama ingeharibika?"

"Nani angenishtaki?" aliuliza Daktari kwa upole. "Afisa wa saruji?"

Alitoka hadi chumba cha kungojea akiwa ameshika shavu, na hapo akamkuta dada yake, ameketi kwenye benchi, mkoba magotini.

"Limeshika?" dada aliuliza.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nakuuliza, limeshika?"

"Limeshika."

"Basi na mimi naingia." Alisimama, akanyoosha gauni. "Daktari aliichukua simu kwa mdogo wake mwezi wa pili wa kusubiri, akaniuliza kama mimi ni ndugu yako. Nikamwambia ndiyo. Tukaongea mambo ya meno. Nitawashonea makoti na mapazia, wao wataniwekea mawili ya nyuma. Ila nilimwambia anisubirishe kidogo, nione kwanza lako."

"Umenifanya mimi wa majaribio, dada?"

"Miaka sita natafuna upande mmoja," alisema dada. "Unakula mezani kwangu kila siku, na hujaona."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosoma vipimo vya mkono na kiuno. Kisha mlango ukamfungukia, akaingia, na Hariri akabaki na benchi. Alikaa pale muda mrefu akijaribu kukumbuka uso wa dada yake akila. Hakuweza.

Meneja aliambiwa ukweli jioni hiyo hiyo. Inasemekana alivua tai, akazitazama zile picha tatu, kisha akauliza bei ya bango.

Hariri hakujua. Wiki iliyofuata alirudi kazini, mtaa wa mbali, kwa mwenye bucha aliyekuwa anatafuta kiwanja cha kujenga. Alieleza barabara, maji, majirani wastaarabu. Tabasamu lilifanya kazi yake kama zamani, hata kuliko zamani. Mwenye bucha aliweka kisu chini, akainamisha kichwa.

"Mimi nakujua wewe."

"Hatujawahi kuonana, kaka."

"Wewe ni yule wa meno. Pale kituo cha mabasi."

Mteja aliyekuwa anangoja maini akageuka kuangalia. "Ndiye," alisema. "Mke wangu kila tukipita pale anamwangalia. Anasema huyo ndiye aliyemuuzia kaka yake kiwanja, kumbe ni makaburi ya watu."

Hariri aliaga kwa adabu, na alipofika kona alikuwa anakimbia.

Bango lilikuwa kubwa kuliko nyumba ya dada yake. Uso wake ulitazama barabara zote nne za njia panda ya kituoni, meno yote nje, na jino la mbele lilikuwa na ukubwa wa mlango. Chini yake yaliandikwa maneno haya: HUYU ALITUAMINI. WEWE JE? Watu waliokuwa wanangoja basi walilitazama, wakamtazama yeye, wakalitazama tena.

Kliniki ilikuwa na foleni hadi dukani kwa mtoa nakala. Hariri aliipita foleni, akaingia ofisini bila kubisha.

"Ishusheni ile picha," alisema. "Nitaharibikiwa. Hiyo sura ndiyo kazi yangu."

Meneja alimsikiliza vizuri. Hakuwa na kinyongo. Alionekana mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

"Picha tutaishusha leo hii," alisema. "Tutakachohitaji ni jino letu tu." Akamwita Daktari: "Dada!"

Daktari alichungulia kutoka chumba cha pili, miwani ikining'inia, bisibisi ndogo mkononi.

"Ni dakika chache," alisema. "Linafunguka kama lilivyofungwa. Wala huhitaji ganzi."

Hariri alipeleka ulimi mbele, taratibu, akaligusa. Lilikuwa laini, imara, lake. Nje kuna mtu kwenye foleni alikuwa tayari anamwonyesha mwenzake kwa kidole kupitia dirishani.

Akafumba mdomo, akatikisa kichwa, akatoka.

Yuko mjini hadi leo. Ana jino zuri kuliko yote katika mtaa ule, na mwenye kumsalimia hujibiwa kwa kuinuliwa nyusi, mdomo umefumbwa.