Nguzo Mbele ya Sebule Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Nimeona mwanga.

Manispaa imemleta injinia, mama mmoja mpole mwenye buti za matope, kutueleza habari za magari ya umeme. Yanakuja, anasema, tutake tusitake, na mtaa usiojiandaa utakuja kulia. Tuamue yatachajiwa wapi, yataegeshwa wapi bila kuwasukuma watembea kwa miguu mtaroni, na umeme wa kuyalisha utoke wapi. Nguzo ya kwanza ya kuchajia itawekwa ama mtaani kwetu, ama mtaa wa nyuma anakokaa shemeji. Kuanzia kesho kisanduku kitafungwa kwenye transfoma ya kila mtaa, kupima umeme tunaotumia.

Hapo nikanyanyuka. Nilikuwa nimeshaelewa. Mwisho wa mkutano siku zote ni shukrani na soda ya moto.

Hesabu yangu ni nyepesi. Gari la umeme linachaji saa nzima. Dereva atakaa wapi saa nzima? Kwangu. Sebuleni nina viti vya plastiki thelathini, vilivyobaki tangu mradi wangu wa ukumbi wa mikutano. Chai, mandazi, gumzo. Nguzo ikisimama mbele ya dirisha langu, nimetoka kimaisha.

Mke wangu amesikiliza huku mdomo umejaa pini. Yeye ni fundi cherehani, na kwa sababu ya viti hivyo anashonea koridoni. Kila anayekwenda chooni anaruka kitambaa. Ametoa pini mdomoni na kusema tuwekeane ahadi. Nguzo ikija, sebule yangu daima. Isipokuja, viti vinatoka, cherehani inaingia, na sitaki kusikia neno. Nimekubali kwa furaha. Maskini, hajui anacheza na nani.

Jumanne, 4 Machi

Kisanduku kimefungwa asubuhi. Cha kijivu, kidogo, kinakonyeza taa nyekundu.

Nimeamua kuonyesha kwamba hapa magari ya umeme yapo tayari. Nimepitisha waya dirishani hadi kwenye ile pikapu yangu isiyo na injini, nikauchomeka pale pa kujazia petroli, nikasimama kando nikiangalia saa kama mtu mwenye haraka.

Injinia amepita. Ameuliza kwa adabu linachaji nini. Nikamjibu betri. Akaomba kuiona. Nikasema inapumzika. Akafungua boneti mwenyewe. Kuku wangu alikuwa ndani, amelalia mayai. Nilimsahau kabisa.

Injinia akafunga boneti taratibu, asimsumbue mama wa watu. Akasema ni gari la kwanza analoliona linalochaji na kuatamia kwa wakati mmoja. Akaongeza kwamba kisanduku hakiangalii magari, kinaangalia umeme, na kwamba yote aliyaeleza mwishoni mwa mkutano. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwepo.

Basi ni umeme. Angesema mapema.

Jumatano, 5 Machi

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu. Wanapima kiu! Mtoto anayelia ndiye anayenyonyeshwa. Mtaa unaotumia umeme mwingi ndio utakaoonekana una shida ya umeme zaidi, nao ndio utapewa nguzo. Sijui kwa nini wengine hawalioni hili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jioni nimepita mtaa wa nyuma kupeleleza. Kimya. Nyumba nyingi taa moja moja. Hakuna harufu ya pasi wala mlio wa pampu. Nikacheka peke yangu njiani.

Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, ana duka la dawa na anatembea kama mtu aliyeyatengeneza magonjwa yote mwenyewe. Amekuja kumsalimia dadake. Anasema mtaani kwake wamekaa kikao wakagawana zamu: huyu anapiga pasi asubuhi, yule anapasha maji mchana, mwokaji anaoka alfajiri. Si kwa wiki hii tu, wataendelea hivyo. Akanishauri nikasome karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mtego huo. Anataka nami nizime. Nimemshukuru sana, nikamsindikiza hadi kona, nikarudi nikipiga mluzi.

Mke wangu anashona sare za wauguzi wa zahanati. Zinatakiwa Jumamosi. Zikipendeza, atapewa kazi ya zahanati nzima, mapazia na mashuka pia. Nimemwambia ajiandae kuhamia koridoni moja kwa moja. Aliongeza mwendo wa cherehani yake ya umeme.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezunguka nyumba hadi nyumba. Nimewaeleza majirani kwamba saa moja jioni kila mtu awashe kila kitu. Majiko, pasi, hita, pampu. Nimewaahidi chai ya bure mwaka mzima. Mtaani wananiita Mipango, na leo wameliita jina hilo kwa heshima, au nilisikia hivyo.

Fundi wa mageti alisita. Aliuliza kama nilikaa hadi mwisho wa mkutano. Nikamwambia mimi mikutano naijua tangu hajazaliwa. Akakubali kuwasha mashine yake ya kuchomelea.

Saa moja kamili nilisimama barabarani na filimbi. Nikapuliza. Mtaa ukavuma. Taa zikafifia zikawa kama kaa la moto, na ile taa nyekundu ya kisanduku ikakonyeza mbiombio. Nilisikia fahari ambayo sijaisikia tangu siku ya harusi.

Kisha transfoma ikalia pu! Giza.

Katika giza lile nilisikia kitu kimoja tu kutoka nyumbani kwangu: cherehani ikipunguza mwendo, ikipunguza, ikanyamaza. Mke wangu alikuwa katikati ya mkono wa sare.

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alisema tu kwamba sikio la kufa halisikii dawa, hata pale mwenye duka la dawa anapoileta mwenyewe mlangoni.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna umeme. Watu wa umeme wanasema transfoma mpya itachukua siku kadhaa. Mwenye bucha amepita na nyama yake kwenye ndoo ya barafu, akaniangalia mpaka akaingia kona.

Sare nane zimebaki. Nimekopa toroli kwa fundi wa mageti na kumpelekea mke wangu cherehani kwa kaka yake. Magurudumu yanalia. Mtaa mzima wa nyuma ulitoka kuangalia. Shemeji alinipokea kwa upole, akanipa glasi ya maji na kidonge cha kichwa. Sikuwa nimemwambia kichwa kinauma.

Nikakaa barazani kwake nikisikiliza cherehani ikivuma ndani. Niliona aibu, nakiri. Macho ya mke wangu yalikuwa mekundu kwa kulazimisha sindano ya mkono tangu alfajiri, na bado alinisogezea chakula.

Kabla ya kulala nimeisoma ile karatasi kwa mwenyekiti, kwa tochi. Nguzo itakwenda kwenye mtaa wenye umeme wa akiba. Mstari wa mwisho kabisa. Nani anaandika jambo la maana mstari wa mwisho?

Jumamosi, 8 Machi

Sare zimefika. Zimependwa. Kazi ya zahanati ni yake. Nimefurahi kweli, hata chozi lilitaka kunitoka, nikasingizia vumbi.

Nguzo imekwenda mtaa wa nyuma, mbele ya duka la shemeji. Nimetoa viti sebuleni, kimoja kimoja. Ahadi ni ahadi. Shemeji ameviazima vyote thelathini, kwa ajili ya madereva watakaosubiri.

Jumatatu, 17 Machi

Transfoma mpya imekuja, kubwa kuliko ya zamani. Cherehani inavuma sebuleni tangu asubuhi. Mapazia ya zahanati yanatakiwa kesho, na mke wangu hata chai anainywa amesimama.

Na injinia amerudi! Sasa ni nguzo ya pikipiki za umeme. Mkutano ulijaa. Shemeji alikaa mbele na kalamu yake. Injinia akasema kisanduku kitafungwa leo hii hii, na kwamba wote tunakumbuka kilichotokea mara ya kwanza. Watu wakanigeukia. Kisha akasema, lakini safari hii...

Hapo nikanyanyuka. Baada ya lakini huwa ni shukrani na soda ya moto.

Sirudii kosa. Mtu mzima hujifunza. Safari hii ni umeme wa akiba, basi na tuwe na akiba kuliko watu wote duniani. Nimepita kila nyumba nikiwaomba wazime. Fundi wa mageti ameniuliza tena kama nilikaa hadi mwisho. Watu wengine hawabadiliki.

Nimeanza na nyumba yangu, niwe mfano. Swichi kuu nimeizima sasa hivi.

Mke wangu ananiita kutoka sebuleni. Asubiri kidogo, atanishukuru.