Uzinduzi wa Mshale wa Kuelekea Kikao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata dharura na kuwakilishwa na mimi. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi. Wakuu wa idara mliopo na mliotoroka kupitia mlango wa nyuma. Dada wa mapokezi. Mama msafishaji uliyetuandalia chai. Mke wangu mpenzi uliyekaa mstari wa mbele ukiniangalia hivyo unavyoniangalia. Wadau, washirika, na ninyi wananchi mlioamua kuachana na pombe: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu wachache.)

Ninayo furaha isiyo kifani kusimama katika ukumbi huu, ambao kwa lugha ya mtaani ni korido, kuzindua Mpango Mkakati Jumuishi wa Kumwelekeza Mwananchi Anayeacha Pombe Kwenye Kikao cha Wenzake, mpango ambao umepitia upembuzi yakinifu, semina elekezi, wakshopu nne na... (Fundi wa kuchomelea vyuma, aliyesimama karibu na mlango: "Samahani mzee, na kikao chenyewe kiko wapi?") Swali zuri sana, fundi, na litajibiwa katika awamu ya pili. (Kicheko.)

Ndugu wananchi, kabla ya uongozi wangu, mtu akitaka kujua wenzake wanakutana wapi alikuwa anauliza ovyo ovyo tu, kwa shemeji, kwa jirani, kwa kinyozi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema watu waulize bila utaratibu. Leo tunao mshale. Ukifika mapokezi, mshale wa bluu unakupeleka chumba namba nne. Namba nne kuna mshale unaokupeleka namba saba. Na namba saba, kwa teknolojia ileile, kuna mshale unaokurudisha mapokezi. Takwimu zinaonyesha kwamba asilimia mia moja ya waliofuata mishale hiyo wamefika mapokezi salama. (Makofi. Dada wa mapokezi anainamisha kichwa.)

(Fundi: "Mzee, hii ni mara ya tatu nazunguka. Nina siku kumi na tisa sijagusa. Njia ya kwangu inapita mlangoni kabisa mwa baa, na leo sijiamini kupita peke yangu. Niambie tu ni wapi.") Fundi, ofisi yangu inakusikia. Kumi na tisa ni takwimu nzuri. Katibu, iandike.

Sasa niseme jambo moja kwa masikitiko. Nimeletewa ripoti kuhusu benchi, lile pale nyuma yenu, nje ya chumba namba saba, lililowekwa kwa ajili ya wanaosubiri huduma. Kumbe watu wakichoka kuzunguka wanakaa pale, kila Alhamisi! Nilimtuma mhudumu wa ofisi akachunguze, akarudi na taarifa kwamba mmoja anataja siku zake, wengine wanamsikiliza, mama msafishaji anawamiminia chai, anayelia analia, kisha wanasindikizana kwenda nyumbani. Nauliza, hicho ni nini? Kikao hakiwezi kuwa, maana hakina ajenda, hakina muhtasari, hakina mwenyekiti wala posho! (Kicheko kirefu. Mama msafishaji: "Baba, sasa kikao ni kipi kama si hicho?" Fundi ameshageuka, anaangalia benchi.)

Mama, usinivuruge, niko ukurasa wa pili kati ya kumi na saba. (Mke wake: "Baba watoto, funga hilo jalada. Waambie.") Niwaambie nini? (Mke wake: "Ya mwaka juzi.")

Haya. Mke wangu alianza kuniambia nitafute kikao tangu mwaka juzi. Akasema, mume wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtu wa cheo changu anaanzaje kusimama mapokezi, mbele ya wafanyakazi wake, akauliza, dada, wanaoacha pombe wanakutana wapi? Niliona aibu. Kwa hiyo nikaunda kamati iniulizie. Kamati ikataka mpango, mpango ukataka kibao, kibao kikataka mshale, na mshale sikujua uelekee wapi, ndiyo maana unazunguka. Niliuchora mwenyewe. Nilikuwa nimelewa, mtaona pale kwenye ncha.

Kwa hayo machache, tuitikie kaulimbiu yetu. Nikisema mshale, semeni twende. Mshale! (Watu: "Twende!") Mshale! (Babu mmoja: "Twende wapi?" Korido nzima inaangua kicheko, hata mke wake.)

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru kamati, ambayo haijawahi kukutana. Namshukuru mratibu wa mpango, ambaye hajaajiriwa, na waliojenga chumba cha vikao, ambacho hakijajengwa. Nawashukuru pia walioandaa orodha ya vikao, ambayo ndiyo jalada hili, na ndani yake, kama mnavyoona, mna hotuba hii tu. Mpango haupo, ndugu zangu, na haukuwahi kuwepo. Kilichopo ni benchi.

Fundi, kikao ni hapo nje ya namba saba, ni leo Alhamisi, na tukimaliza utasindikizwa mpaka uupite ule mlango wa baa. Nami nitaomba msindikizaji, maana mlango huo tunaujua wote wawili. Wewe una siku kumi na tisa. Mimi nimeanza leo asubuhi, baada ya kupiga mswaki kuondoa harufu ya jana. Mama, chai bado ipo? Basi ahsanteni kwa kunisikiliza, na sogeeni kidogo, nami nikae.