Msituletee Maji Kila Siku

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Baraza la Mji, Ain Rihan.

Nakusalimu kwa heshima. Mimi Rasmi al-Hijawi, mwalimu mstaafu wa jiografia, naishi nyumba ya kwanza chini ya kituo cha maji. Nimesikia kwamba Jumatatu baraza litapiga kura: ama kituo kiendelee kuendeshwa na serikali, ama uendeshaji wake ukabidhiwe kampuni. Kampuni hiyo imeahidi maji kila siku, usiku na mchana. Nimeudhika mno, na sababu zangu ni hizi:

1. Hatujazoea. Hapa maji hutoka Alhamisi. Alhamisi ndipo tunapofua, tunapoosha mazulia na kugombana na majirani juu ya paa kwa ajili ya mipira ya maji. Yakitoka kila siku, mtu ataoga lini? Atasema kesho, kisha kesho kutwa, mpaka mji mzima unuke.

2. Abu Sakhr, mwendeshaji wa kituo, hafungui vali kuu kabla ya kunywa kahawa kibarazani kwangu. Bwana wa kampuni alipokuja kukagua, alimuuliza mwongozo wa kazi uko wapi. Abu Sakhr akamjibu, "Mwongozo ni mimi, bwana. Kaa kwanza unywe kahawa." Yule bwana hakukaa. Mtu anayekataa kahawa ya iliki ugenini, tutamwachiaje pampu?

3. Nyumba yenye msiba hufunguliwa maji hata kama si siku yake, maana waombolezaji lazima wapikiwe mansaf, wali wa nyama, na masufuria yaoshwe. Sikatai, desturi hii hutumiwa vibaya kidogo. Jirani yangu Hajj Mufleh alifariki mara mbili mwaka jana. Mara ya tatu alipata nafuu mapema, mkewe akamwambia, "Mzee, hebu lala tena kidogo, tangi limefika nusu tu." Huo ndio ujirani. Maji yakiwa ya kila siku, Hajj Mufleh atakufa kwa faida gani?

4. Kampuni ina namba ya simu ya malalamiko. Nimepiga. Binti mmoja mwenye adabu akaniuliza shida yangu, nikamwambia maji yatatoka. Akasema, "Sasa mzee wangu, hiyo nayo ni shida?" Nikamweleza upya, akaniwekea muziki.

5. Hii ndiyo yenyewe. Hizo nyingine nimezitanguliza kwa adabu. Kwangu ni bondeni, maji huja kwa nguvu. Mtaa wa juu, anakoishi binti yangu Wijdan, hudondoka tu. Tangu mama yake afariki, kila Alhamisi Wijdan huteremka na mumewe na watoto na makapu ya nguo. Mashine inazunguka hadi jioni, wajukuu wanamwagiana maji uani, tunakula pamoja. Siku nyingine nakula mkate mkavu na unga wa zaatari nimesimama jikoni. Mkipandisha maji mlimani kila siku, atateremka kwangu kufuata nini? Naogopa, Mheshimiwa, na sioni haya kulisema.

Kwa hiyo naomba kura iwe ya hapana. Ikishindikana, mkataba uwe na kifungu kwamba mtaa wa juu utakatiwa maji kila Alhamisi, na kampuni ikionekana inatengeneza bomba huko, ishtakiwe.

Wasalimie wajumbe wote, msalimie mama watoto, na yule karani wako anayenifungia mlango kila nikija, naye msalimie.

Ni mimi, raia wako mtiifu na mkavu,
Rasmi al-Hijawi

N.B. Leo ni Alhamisi, nikampa Wijdan barua hii anirekebishie makosa. Alisoma, kisha akaniambia, "Baba, kampuni ilianza majaribio mtaani kwetu tangu kabla ya Ramadhani. Maji tunayo kila siku." Nikafunua kapu. Nguo zilikuwa safi, zimekunjwa, na mashati ya mumewe yamepigwa pasi. Nikamuuliza, sasa mbona unazileta? Akasema, "Ningekuambia nakuja kukuangalia, ungenijibu huhitaji kuangaliwa." Basi kituo mpeni mnayemtaka. Nguo tumezifua hivyohivyo.