Kilatini cha Arobaini ya Mzee Mkude

Jumapili, 4 Oktoba
Baada ya misa padre katangaza: Jumamosi ni arobaini ya Mzee Mkude, katekista wetu. Mjane wake, Bibi Filomena, anaomba jambo moja tu. Uimbwe ule wimbo wa kale wa Kilatini wa misa ya wafu, aliouimba marehemu katika mazishi yote hapa Kihonda. Nani anaujua? Yohana, mwalimu wa kwaya, akatazama sakafu. Huyu ndiye anayeniweka mstari wa nyuma kila mwaka, eti sauti yangu huwatangulia wenzangu. Nikasimama. Nikasema nilijifunza seminari. Seminari nimefika kweli. Nilipeleka kuku.

Jumatatu, 5 Oktoba
Nimeupata kwenye simu. Wanaimba watawa wa Ulaya. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Sauti inapanda taratibu, inashuka taratibu, kama mtu anayeshuka milima ya Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani. Maneno hayashikiki. Dawa nimeipata: spika ndogo sikioni, simu mfukoni. Watawa watatangulia, mimi nitafuata. Rahel, mke wangu, kaniambia nikaimbie uani, maziwa yataganda.

Jumatano, 7 Oktoba
Nimeimba uani tangu alasiri. Mara akaingia jirani yetu Mwamvita, kajitanda kanga.
"Pole, jirani. Tumesikia kilio. Ni nani?"
Nyuma yake mumewe Hamza, na mikeka. Nyuma ya Hamza majirani wengine, na sufuria la pilau. Nilitaka kusema hakuna aliyekufa. Lakini pilau lilikuwa na nyama. Nikasema mjomba. Wa mbali.

Rahel karudi kutoka sokoni, kakuta ua umejaa watu. Nyanya zikamponyoka. Alilia kwanza, akauliza baadaye. Wakamwambia ni mjomba wa mumeo. Akafuta machozi. Akasema mume wangu hana mjomba.

Hamza alicheka hadi akakaa chini. Mwamvita hakucheka. Alisema sauti ile ilimrudishia mama yake, amelia njia nzima, na wala hajuti. Pilau wamekula wote. Mimi, Rahel kaninyima.

Jumamosi, 10 Oktoba
Kanisa lilijaa. Nilianza vizuri. Yohana akageuka kunitazama kwa heshima, kitu nilichokingojea miaka. Ubeti wa pili, watawa wakakatika. Simu yangu hii hujipokelea yenyewe. Ikaingia sauti ya Hamza.
"Gabrieli, ile mikeka uliiweka wapi? Tuna wageni."
Mdomo ulishazoea kufuata sikio. Nikaimba mikeka. Nikaimba wageni. Kwa kupanda na kushuka vilevile.

Padre akajifunika uso. Ndipo Bibi Filomena, benchi la mbele, akaudaka wimbo pale nilipouangusha, kwa sauti nyembamba kama uzi. Yohana akaungana naye. Kumbe anaujua wote, mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Jumapili alinyamaza akiogopa kulia mbele za watu. Na leo alilia kweli, huku akiimba, mpaka mwisho. Kanisa zima lilisimama. Mimi nilinyamaza. Huo nao ni mchango.

Nje nikamwendea bibi.
"Shikamoo, bibi. Nimekuharibia."
"Marahaba, mwanangu. Hujaharibu kitu. Mzee naye alikuwa akisahau katikati. Anatia majina ya mbuzi wetu, watu wanaitikia amina."
Akacheka. Binti yake alisema hajamsikia akicheka tangu msiba.

Jumapili, 11 Oktoba
Padre katangaza kuna wageni wanakuja kutoka Italia. Anatafuta mtu wa kuwatafsiria. Nimemuwahi mlangoni, kabla Yohana hajamfikia. Nimemwambia alale usingizi. Kiitaliano ni mtoto wa Kilatini, na baba mtu tunafahamiana.