Tondeuse, Uwanja wa Idi na Jiwe la Kassim

Jumapili, 23 Machi

Leo nimemnyamazisha Kassim mbele ya msikiti mzima. Kassim ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Asia. Ana lori la kubeba makaa kutoka Mutshatsha, na kwa ajili ya lori hilo watu humsalimia yeye kwanza hata nikiwa nimetangulia kufika.

Jambo lilikuwa uwanja. Kila Idi watu wa mtaa wetu wanaswali ng'ambo ya mji, na miguu ya mama mkwe, Mama Nafisa, haifiki huko tena. Miaka sasa anakaa mlangoni na nguo mpya mwilini, anasikiliza takbira kwenye simu ya Asia. Wazee wakasema uwanja wa mpira ulio nyuma ya nyumba yetu ukikatwa majani, mwaka huu tutaswali hapo. Kassim akajitolea kuleta vijana na mapanga. Nikasimama. Nikasema Idi si shamba la mihogo, uwanja utakatwa kwa mashine, na mashine ninayo.

Kassim akakaa chini! Raha iliyoje. Wamenipa mpaka Ijumaa.

Jumatatu, 24 Machi

Mashine ninayo, kweli. Iko nyuma ya banda la kuku. Ni tondeuse, mashine ya kukatia majani, ya bosi wa kampuni ya madini aliyekaa nyumba hii kabla haijawa ya marehemu baba mkwe, na haijanguruma tangu Asia anajifunza kutembea. Kuku mweupe wa mama mkwe anatagia kwenye mfuko wa majani. Nimemhamisha kwa heshima. Amenidonoa mara mbili, na mama mkwe amenilaumu mimi.

Nikamweleza kwamba taabu yote hii ni kwa ajili yake. Akasema, "Mi sikuombaka mashini, mutoto yangu. Mi niliomba kusali tu." Wazee wetu hawajui kushukuru.

Ndani ya chujio la hewa nimekuta kiota cha panya. Familia nzima, na bibi yao. Kisu kimeota kutu, nimekisugua kwa mchanga mpaka adhuhuri. Kufunga Ramadhani na kusugua kutu ni vitu viwili ambavyo havikuumbwa vikae pamoja.

Jumanne, 25 Machi

Mashine nimempelekea Zéphirin, jirani yangu anayetengeneza pikipiki. Hata hakuinama. Akasema, "Tata Nasoro, hii ilisha kufa. Muiache ipumzike." Nikamwambia sikumwita kusoma misa ya wafu. Kwa shingo upande akanipa buji ya pikipiki, ile inayotoa cheche, na akashauri nitafute petroli safi.

Petroli safi iko kwenye pikipiki ya Kassim. Nikaazima kidogo, ingawa Kassim hakuwa na habari. Nikatia mpira ndani ya tangi, nikavuta kwa mdomo. Ikaja haraka kuliko nilivyotegemea, nikameza.

Nani anatokea wakati huo huo? Hakuuliza petroli yake. Hakuniambia pole. Alisema saumu yangu imevunjika! Nikamjibu petroli si chakula, hakuna mtu duniani aliyewahi kualikwa akale petroli. Akapeleka kesi kwa imamu. Imamu akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema nitalipa siku hiyo. Kassim alirudi nyumbani anapiga mluzi. Nimeudhika sana.

Jumatano, 26 Machi

Nimevuta kamba ya kuwashia. Nimevuta tena. Bega limevimba. Alasiri kamba ikakatika, nikaanguka juu ya kuku.

Kamba mpya nimeisokota kwa pindo la kitenge nilichokikuta kimekunjwa juu ya kabati. Kumbe ni kitenge cha Asia cha Idi. Haongei nami. Futari nimewekewa maji na tende, uji ameubeba yeye mwenyewe kwenda kunywa kwa Kassim.

Alhamisi, 27 Machi

Imenguruma! Moshi mweusi mtaa mzima, Zéphirin akatoka mbio na ndoo ya maji. Nimekata kutoka mlangoni mpaka chooni, mstari safi, hata bosi wa kampuni angelia kwa furaha. Kisha ikanishinda nguvu ikapita kwenye mboga za Asia, lakini matembele huota tena.

Mama mkwe alikuwa akitazama kutoka kwenye kiti chake. Baadaye nilimwona amekiburuta kile kiti mpaka kwenye uzio, peke yake, taratibu, akakaa akiangalia uwanja. Akauliza kama safu ya wanawake itakuwa karibu na hapo. Nikasema itakuwa hapo hapo, atanyoosha mkono amguse wa pembeni. Alirekebisha mtandio wake. Nikafuta macho. Moshi, nadhani.

Ijumaa, 28 Machi

Nimehujumiwa.

Baada ya swala ya Ijumaa wote walikuja kuona. Nilikata mstari wa kwanza, watu wakapiga makofi. Wa pili, hata Asia alitabasamu. Wa tatu ulikuwa katikati kabisa ya uwanja. Kishindo! Kisu vipande viwili, gurudumu moja likaenda zake peke yake mpaka miguuni kwa Kassim. Naye akaliokota akanirudishia kwa upole, mbele ya watu, akasema vijana wake wanaweza kuja kesho asubuhi na mapanga na kumaliza kabla ya jua kali. Upole ule ndio ulionifungua macho. Mtu asiye na hatia hana upole wa namna ile.

Nikafukua kilichovunja kisu. Jiwe. Zito, la kijani, na mishipa myeusi. Nimezaliwa Kolwezi, najua mawe, na jiwe kama hilo halina kazi katika uwanja wa mpira. Mawe ya kijani yako Mutoshi, kwenye machimbo ya shaba. Na nani ana lori? Amelibeba huko, akalifukia kwenye njia ya mashine yangu.

Ushahidi haufichwi. Nimelipitisha sokoni meza kwa meza. Nilitaka shahidi anayejua, ndipo nikaenda kwa Ariel, creuseur, mchimbaji wa sururu, anayepanga chumba kwa Zéphirin na anayechimba Mutoshi kila siku. Nikamuuliza kama jiwe hili si la Mutoshi. Ariel alilitemea mate, akalifuta kwa kidole, akalitazama muda mrefu. Sauti ikawa ya chini: "Tata, muliliokota wapi kabisa?"

Hatimaye mtu anayechukulia mambo kwa uzito! Nilimpeleka mpaka uwanjani. Nikachomeka mti pale pale, ushahidi usipotee. Akanishukuru kwa mikono miwili. Kijana ana adabu.

Jumamosi, 29 Machi

Asubuhi uwanja umejaa watu. Nilidhani ni vijana wa Kassim. Hapana. Ni Ariel na wenzake, na wenzake wa wenzake, na sururu na magunia. Ule mti wangu sijui uko wapi, pale ulipokuwa ni shimo ambamo mtu mrefu anazama. Mashimo mengine yanafuata, mpaka kwenye goli.

Wanatoa mawe ya kijani kwa magunia! Nimesimama nikiangalia na hasira ikinichemka. Nilijua Kassim ana chuki, sikujua amezika mawe mengi kiasi hicho. Amepata wapi muda, na mwezi wa mfungo?

Wazee wamepita kuangalia. Hawakunisalimia. Tutaswali ng'ambo ya mji, kama kawaida. Mama mkwe amerudisha kiti chake mlangoni. Nilitaka kumweleza habari za Kassim, akasema nimwache kwanza.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Kassim aliosha lori lake lote, akatandika mikeka juu ya harufu ya makaa, akambeba mama yake mikononi mpaka ndani ya kabini. Mama Nafisa ameswali Idi katika safu, bega kwa bega na watu. Amerudi na tabasamu ambalo sijaliona tangu msiba wa baba mkwe, anamsimulia kila mtu, hata kuku. Nimefurahi, nasema kweli, nimefurahi mpaka nikajificha kidogo nyuma ya banda.

Lakini mtu ajiulize. Bila tondeuse yangu kuvunjika, Kassim angewaza kumpakia lorini? Miaka yote hiyo hakuwaza. Shukrani zote kapewa yeye. Mimi nilienda kwa miguu.

Jumanne, 1 Aprili

Injini bado nzima. Nimeamua kuigeuza pampu ya maji, maana mashimo ya uwanjani yamejaa mvua na Ariel analalamika. Inahitaji msingi imara, kwa hiyo leo nimechimba kidogo nyuma ya nyumba, kando ya banda la kuku.

Sikuamini macho yangu. Jiwe la kijani! Kubwa kuliko lile, na chini yake lingine. Kassim ameingia mpaka kwenye ua wa mama yake mzazi!

Safari hii haponi. Nimechomeka mti mahali penyewe, na jiwe nimeliweka juu ya nguzo ya geti, kila mpita njia alione. Ariel nimeshamtumia ujumbe. Amejibu kabla sijaweka simu chini: anakuja kesho alfajiri, na atakuja na mashahidi wote.